Kwa nini kampuni za programu huwatuza wanaowasaidia watumiaji wengine bila malipo?

Mhasibu wa Umoja aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwandani hapa Nairobi. Kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikitumia saa moja au mbili kila usiku, watoto wakishalala, kujibu maswali ya watu nisiowajua kuhusu lahajedwali (spreadsheet). Huyu fomula yake inakataa kujumlisha, yule tarehe zake zimevurugika kwa sababu kompyuta yake imewekwa katika mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi kabla ya siku, na mwingine amefuta karatasi nzima ya hesabu za chama na anaomba muujiza. Hakuna aliyeniajiri wala aliyeniomba nifanye hivyo.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukimalizika nilipokea barua pepe kutoka kwa kampuni inayotengeneza programu hiyo, ikinijulisha kwamba nimetunukiwa cheo cha heshima cha mwaka mmoja. Kiliandamana na cheti, fulana, leseni ya bure, na nafasi ya kuhudhuria mikutano ya mtandaoni ambamo wahandisi wao walituonyesha mambo ambayo hayajatangazwa, kwa sharti la kutia sahihi mkataba wa kutunza siri. Cheo kilirudi mwaka wa tatu na wa nne. Mwaka huu hakikurudi, ila barua fupi tu, ya adabu sana, ikinishukuru kwa mchango wangu.

Shemeji yangu, ambaye hana subira na mambo ya bure, amesema kwamba mkono mtupu haulambwi na kwamba mimi nimeulamba miaka mitano. Nilikosa la kumjibu. Ikiwa msaada wetu una thamani, kwa nini kampuni yenye uwezo wa kuajiri watu isitulipe? Na ikiwa hauna, mbona inajisumbua kututuza, tena kwa mwaka mmoja mmoja kama leseni ya biashara ya kaunti? Sitafuti kuliwazwa. Ninataka kuielewa hesabu yao.

Aliyekuwa Dawatini alijibu:

Ndugu Mhasibu, nilikaa miaka sita kwenye dawati la huduma kwa wateja la kampuni ndogo ya programu za mishahara huko Westlands, kwa hiyo hesabu unayoiuliza nimeiona kwa macho yangu.

Mteja akipiga simu, anayemhudumia analipwa mshahara, anakalia kiti kinacholipiwa kodi ya nyumba, na anatumia dakika ishirini kutatua jambo ambalo mwenzake wa meza ya pili alilitatua jana. Jibu lililotolewa kwa mdomo hupotea hewani, kesho akapiga mtu wa Thika na swali lile lile, na keshokutwa mtu wa Kisii. Kuanzia tarehe 25 hadi mwisho wa mwezi simu zetu hazikunyamaza. Jibu lililoandikwa hadharani na mtu kama wewe hubaki pale pale, likasomwa na watu ambao hawatapiga simu kamwe na ambao hata wewe hutajua kwamba uliwafaa. Usidhani basi kwamba kampuni inazithamini saa zako mbili za usiku. Inachokithamini ni simu ambazo hazikupigwa. Taabu ni kwamba simu ambayo haikupigwa haiingii katika daftari lolote, kwa hiyo idara ya fedha haiwezi kukulipa kwa kila moja hata ikitaka. Inakisia, halafu inatoa shukrani kwa jumla.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wetu walichelewa kulielewa. Mhudumu wa kulipwa anaijua programu, lakini hajawahi kuitegemea. Mimi niliweza kueleza kila kitufe cha programu ya mishahara bila kuwahi kulipa mishahara ya mtu yeyote. Oktoba 2024, makato ya NHIF, bima ya afya ya zamani, yalipoondolewa na ya SHIF, bima mpya, yakaanza, programu yetu ilikuwa bado inasoma lile jedwali la viwango ambalo ukomo wake ulikuwa shilingi 1,700, ilhali makato mapya ni asilimia 2.75 ya mshahara mzima, yasiyopungua shilingi 300 na yasiyo na ukomo wa juu. Toleo lililorekebishwa lilichelewa. Mhasibu wa shule moja huko Nakuru, ambaye hatukuwahi kumwona, aliandika hatua kwa hatua namna ya kuliunda kato jipya kwa mkono ndani ya programu yetu, na akaonya kwamba wafanyakazi wa mishahara midogo wakaguliwe mmoja mmoja kwa sababu ya kile kiwango cha chini. Sisi tuliokuwa tukilipwa tuliyachukua maelezo yake tukawasomea wateja kwa simu, na ninakiri kwamba si wote tuliotaja yametoka kwa nani.

Baadaye tulimpa leseni ya mwaka mzima. Kwa bei ya soko, alichokifanya kilistahili zaidi ya hapo. Lakini uangalie uzuri wa tuzo ya namna hiyo machoni pa kampuni: kutoa leseni moja zaidi kulitugharimu karibu sufuri, kwake yeye ilikuwa na bei kamili, na ilituhakikishia kwamba toleo lijalo litapitiwa na mtu mwenye macho makali kabla ya kuwafikia wengine. Hizo leseni mnazopewa na ile mikataba ya siri mnayotia sahihi zina kazi hiyo. Kampuni inawaonyesha mapema kilicho jikoni ili muonje chumvi.

Mpango unaojulikana zaidi wa aina hii ni ule wa Microsoft, ambao huwapa watu cheo cha MVP (Most Valuable Professional, yaani mtaalamu mwenye thamani kubwa), na ulianza mwaka 1993. Hadithi inayosimuliwa na wakongwe wake ni kwamba mtumiaji mmoja wa FoxPro, programu ya hifadhidata, Calvin Hsia, aliandika programu ndogo ya kuhesabu nani anaandika zaidi katika mabaraza ya CompuServe, huduma ya mtandaoni ya wakati huo. Orodha ikageuka mchezo, watu wakashindana kupanda juu, na kampuni ikaona kwamba tayari kulikuwa na watu waliofurahia kutajwa majina tu. Cheo hicho mpaka leo hutolewa kwa mwaka mmoja, kwa kuangalia kazi ya mwaka uliopita. Sababu ya mwaka mmoja ninawaachia wanaojua sheria, kwa maana ninashuku kwamba ndiko iliko.

Wakili wa Ngara alijibu:

Unashuku vyema.

Katika miaka ya 1990 AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, iliendesha vyumba vyake vya mazungumzo kwa msaada wa maelfu ya watu wa kujitolea. Walipewa huduma ya intaneti bure au kwa bei nafuu, na kwa upande wao walipangiwa zamu, wakapewa mafunzo, na wakatakiwa kutoa taarifa za saa walizofanya kazi. Mwaka 1999 baadhi yao walifungua kesi mjini New York wakisema kwamba mtu anayepangiwa zamu na kuhesabiwa saa ni mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi hastahili kupata chini ya kima cha chini cha mshahara. Kesi iliburutwa kwa takriban miaka 11 na ikaishia kwa suluhu ya dola milioni 15.

Kampuni nyingine zilisikia harufu ya moshi. Oktoba 1999 hiyo hiyo, Microsoft ilitangaza kwamba inaufunga ule mpango aliouzungumzia mwenzangu. Wenye vyeo na watumiaji wakaandika malalamiko kwa wingi, na baada ya siku chache uamuzi ukabatilishwa. Ninaona kisa hicho kinajibu nusu ya swali lako, kwa kuwa kinaonyesha pande zote mbili: kampuni iliogopa kuonekana mwajiri, na watu wasiolipwa hata senti walipigania kubaki hivyo.

Sasa uirudie barua yako uisome kama mwanasheria aliyeiandika. Haikuagizi ujibu maswali mangapi kwa wiki, haikupi msimamizi, na haikuahidi chochote kwa kazi utakayoifanya kesho. Inasema tu kwamba jana ulifanya vyema. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inamtambua mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, kwa hiyo anayetoa zawadi ana kila sababu ya kuhakikisha kwamba haifanani na ujira: isije kila mwisho wa mwezi, isilingane na saa, na isiwe na uhakika wa kurudi. Cheo kinachokwisha kila mwaka ni ukuta uliojengwa kati ya shukrani na mkataba. Sisemi mahakama zetu zingeamua vipi kesi kama ya AOL. Ninasema tu kwamba ukuta huo haukujengwa kwa bahati.

Mhasibu wa Umoja alijibu:

Ahsante, Wakili. Lakini ukuta huo unamlinda nani hasa? Ninaona kama mimi niko upande wa kunyeshewa.

Wakili wa Ngara alijibu:

Unailinda kampuni kwanza, hilo halina ubishi. Wewe nawe unakupa kitu kimoja: unaweza kuacha leo usiku, katikati ya sentensi, na hakuna atakayekuuliza. Waulize waliokuwa na zamu za AOL kama walikuwa na uhuru huo.

Binti Kizingo alijibu:

Ndugu Mhasibu, mimi nilikulia Mombasa kabla ya kuhamia South C, na neno lenyewe ulilolitumia, kutuza, linanikumbusha jambo. Kwetu, katika harusi, taarab ikipigwa na mwimbaji akalifikia neno lililomgusa mtu, mtu huyo huinuka akaenda kumtuza, noti mkononi, mbele ya watu wote. Wenye harusi wamekwisha kupatana na kundi ujira wake; kutuza ni jambo jingine kabisa. Anayetuza hanunui wimbo, kwa maana umekwisha kuimbwa na ukumbi mzima umeusikia. Anatangaza kwamba amesikia. Wakati mwingine anatangaza pia kwamba yeye ni mtu wa kutuza, na kampuni hazikosi majivuno hayo.

Hebu fikiria mwenye harusi angesema kwamba kuanzia sasa kila beti italipwa shilingi 50. Beti zingeongezeka, na nyimbo zingeharibika. Hili si la kukisia tu. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto waliwekewa faini ndogo. Kuchelewa hakukupungua, kuliongezeka, kwa sababu wazazi sasa waliiona faini kuwa bei, na mtu akilipa bei haoni haya tena. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudia ustaarabu wao wa awali. Lile lilikuwa jambo la faini na hili ni la zawadi, najua, lakini shina ni moja: pesa ikiingia mahali palipokuwa na haya au heshima, inakaa yenyewe, na kuitoa baadaye hakurudishi kilichokuwapo. Kampuni ikikulipa shilingi 30 kwa kila jibu, usiku utakapochoka utajiuliza kama shilingi 30 zinakutosha, swali ambalo kwa miaka mitano hukuwahi kujiuliza.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi, maana wapo wanaolipa na mambo yakaenda. Giffgaff, kampuni ya simu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 2009, iliamua tangu mwanzo kutokuwa na kituo cha kupigia simu. Wateja hujibiwa maswali na wateja wenzao, na wanaojibu hupata pointi ambazo mara mbili kwa mwaka hugeuzwa kuwa pesa, muda wa maongezi au sadaka kwa shirika la hisani. Ninavyoona, inafaulu kwa sababu haijifichi. Kila mteja anajua kwamba huduma ni nafuu kwa kuwa mwenzake ndiye mhudumu, na faida inarudi kwake pia kwa njia ya bei. Kwa kampuni inayouza leseni ghali, maelezo hayo yangekuwa magumu kuyatoa bila kuona aibu.

Shemeji yako naye amesahau kuhesabu safu moja. Karim Lakhani na Eric von Hippel walichunguza watu waliosaidiana bure kuhusu Apache, programu ya kuendeshea tovuti, na katika makala yao ya mwaka 2003 wakaonyesha kwamba takriban asilimia 98 ya muda wa wasaidizi ulikwenda katika kusoma maswali na majibu ya wengine, jambo lililowaongezea ujuzi wao wenyewe. Kuandika jibu kulichukua kiasi kidogo tu kilichobaki. Je, ulipojiunga ulijua kila unachokijua leo kuhusu lahajedwali? Na mwajiri wako wa Eneo la Viwandani hajawahi kufaidi ujuzi huo?

Kijana wa Luthuli alijibu:

Shikamoo wakubwa. Dada Kizingo amesema vizuri, lakini mimi bado nina shaka.

Mchana ninatengeneza simu Luthuli Avenue na usiku ninajifunza kuandika programu, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilikipata Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, iliyoanzishwa mwaka 2008. Kule hakuna fulana wala leseni, kuna pointi. Jibu likipigiwa kura unapata 10, likikubaliwa na aliyeuliza unapata 15, na ukifikisha 2,000 unaruhusiwa kuhariri maandishi ya wengine bila kusubiri idhini ya mtu. Kwa maneno mengine, ukifanya kazi vizuri unatuzwa kazi zaidi. Nilicheka nilipoligundua hilo, lakini niliendelea kuzitafuta pointi.

Mwaka 2021 kampuni iliuzwa kwa Prosus ya Uholanzi, iliyo chini ya Naspers ya Afrika Kusini, kwa dola bilioni 1.8. Wenye pointi walibaki na pointi zao. Mwaka 2024 ikaingia makubaliano na OpenAI, waundaji wa ChatGPT, kuhusu matumizi ya yale majibu, na baadhi ya walioyaandika wakajaribu kuyafuta kwa hasira. Majibu yalirejeshwa, na wengine akaunti zao zikasimamishwa kwa muda, kwa kuwa leseni waliyoikubali tangu awali ilikuwa imeyatoa majibu hayo kwa umma.

Sisi mafundi husaidiana kila siku. Simu ikinishinda, fundi wa kibanda cha pili huniazima jicho lake bila malipo kwa sababu kesho nitamwazima langu. Hakuna anayeandika deni. Lakini ningesikia kwamba kuna mtu anauza ushauri wangu kwa bilioni, ningetaka angalau niambiwe mapema. Mzee wa Dawatini amesema kampuni inathamini simu ambazo hazikupigwa. Sasa naona inathamini pia maandishi yenyewe, kama shamba, na hesabu hiyo haikuwamo katika barua ya shukrani ya mtu yeyote.

Aliyekuwa Dawatini alijibu:

Marahaba, kijana. Hoja yako ni nzito na sina la kuipinga. Nilipokuwa dawatini hakuna aliyefikiri kwamba majibu yale yangekuja kuwa chakula cha mashine.

Ndugu Mhasibu, niongeze moja kuhusu cheo chako kutorudi. Mara nyingi uamuzi huo hauna kinyongo ndani yake. Mtu fulani anafungua orodha, anatazama majibu yamesomwa mara ngapi na yamekubaliwa mangapi, anapiga mstari, na walio chini ya mstari wanapata barua ya adabu. Mwaka wako wa mwisho ulikuwaje?

Mhasibu wa Umoja alijibu:

Nimeketi leo kupitia kumbukumbu zangu, na nadhani nimeuona mstari huo ulipopita.

Mwaka jana niliacha kujibu sana kwa Kiingereza. Niliona wahasibu wa vyama vya akiba, walimu na watu wa saiba wanaowajazia wengine marejesho ya kodi ya KRA wakiuliza kwa Kiswahili na kukaa siku nne bila jibu, nikahamia huko. Majibu yangu yakawa marefu zaidi, kwa sababu ilinibidi kueleza fomula kwa maneno yasiyokuwapo katika maelekezo ya kampuni, na nadhani yalikuwa bora kuliko ya miaka yote iliyotangulia. Lakini jibu la Kiingereza kuhusu tarehe lilikuwa likisomwa mara elfu kadhaa, na la Kiswahili likisomwa mara arobaini. Kwa hesabu aliyoieleza Mzee wa Dawatini, simu arobaini ambazo hazikupigwa, tena na watu ambao wengi wao hawakununua leseni, si kitu. Sasa naelewa, na kwa kiasi fulani nimekasirika zaidi kuliko nilipokuwa sielewi.

Dada Kizingo, ni kweli kwamba mwajiri wangu amefaidi. Shemeji nitamwambia kuhusu hiyo safu, ingawa najua atauliza imeingia benki gani.

Nitaendelea na yale ya Kiswahili. Limebaki swali dogo la kisheria. Ule mkataba wa siri niliotia sahihi, bado unanifunga ilhali cheo chenyewe kimekwisha? Kuna jambo niliona katika mkutano mmoja ambalo lingewasaidia sana watu wa tarehe, na mpaka leo halijatangazwa.

Wakili wa Ngara alijibu:

Soma kifungu cha muda kabla ya kuandika neno lolote. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida huendelea kufunga baada ya uhusiano kwisha, ama kwa miaka iliyotajwa ama mpaka kampuni yenyewe iitangaze habari hiyo hadharani. Usikipata kifungu hicho, chukulia kwamba umefungwa mpaka wakili aliyeushika mkataba mkononi akuambie vinginevyo.

Na hizo tarehe, waelekeze tu wabadilishe mpangilio wa kompyuta.